Betri ndogo ilivyotukwamisha Ruaha Mbuyuni

Kisa hiki kimekaa kwenye daftari langu tangu Oktoba 2024 na nimekuwa nikikikwepa, kwa sababu mwenye kosa kubwa ndani yake ni mimi mwenyewe. Lakini wiki hii watu wawili wameniuliza tena kuhusu "zile betri nyepesi ulizoziandika", nikaona sasa basi, bora niseme.

Mwanzoni mwa 2024 niliandika makala fupi kuhusu betri za lithiamu zinazouzwa Dar kwa ajili ya kuchukua nafasi ya ile betri ya kawaida ya volti 12 kwenye gari. Nilikwenda dukani, nikapokewa vizuri, nikapewa soda baridi, nikainua betri kwa mkono mmoja kama mtu anavyoinua mkate. Muuzaji akaniambia hii ni Ah 60, itakaa miaka kumi, uzito wake ni kama robo ya betri ya maji. Nikaandika Ah 60. Nikaandika miaka kumi. Sikuigeuza betri ile kusoma maandishi ya upande wa pili.

Braza wangu (mtoto wa baba mkubwa, lakini tumekua nyumba moja) aliisoma ile makala, na kwa kuwa aliyeandika ni mdogo wake, akaenda akanunua.

Braza ana gari la umeme. Si haibridi, ni umeme mtupu, halina tangi la mafuta. Aina yake sitaitaja, gari halikuwa na kosa. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmojawao, wanadhani gari la namna hii lina betri moja tu, ile kubwa iliyolala chini ya sakafu. Kumbe zipo mbili. Ile kubwa ina volti mia tatu na kitu na ndiyo inayosukuma gari. Ndogo ni ya volti 12, inakaa mbele chini ya boneti kama kwenye gari lolote, na kazi yake ni taa, honi, vioo, kufungua milango na, hili ndilo la muhimu, kuamsha kompyuta za gari. Betri kubwa haijaunganishwa na gari muda wote. Kwa usalama imetenganishwa na swichi nene za sumaku, na swichi hizo hazijifungi zenyewe mpaka zipate umeme wa volti 12. Ikishaamka ndiyo betri kubwa, kupitia kifaa cha kushusha volti, inaichaji ile ndogo. Kwa hiyo unaweza kuwa na umeme wa kukufikisha Morogoro umelala sakafuni, lakini kama ile ndogo imekufa, umekaa juu ya ghala ambalo ufunguo wake hauna.

Nilikuwa nayajua haya kwa kusoma. Ruaha Mbuyuni nikayajua kwa kuona.

Safari yetu ilikuwa kwenda Iringa kwa bibi, Kihesa. Bibi ana kisukari, anachoma insulini, na ndugu tulikuwa tumechangishana kumnunulia ya miezi mitatu Dar. Kwa wasiojua, insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Ikikaa kwenye joto kali inaharibika, ikiganda kwa barafu inaharibika vilevile, na kwa macho huwezi kuitambua kila mara. Kwa hiyo braza alifunga friji dogo la gari kwenye buti, lile la kutumia volti 12, na kwa kuwa soketi za gari hukata umeme ukizima gari, fundi wake wa Dar alimvutia waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri ndogo, na fyuzi yake. Waya huohuo ukapewa na kamera ya kwenye kioo, inayorekodi barabara mchana na wezi usiku. Mimi ndiye niliyekabidhiwa dawa. Mimi ndiye niliyebonyeza friji na kuhakikisha inaonyesha nyuzi 5.

Tulilala Morogoro siku ya kwanza tukachaji usiku kucha kwenye soketi ya ukutani. Siku ya pili tukapita Mikumi polepole kwa sababu ya wanyama na kwa sababu ya tochi za trafiki, tukaingia lile bonde la mibuyu, na saa kumi alasiri tulikuwa Ruaha Mbuyuni, betri kubwa imebaki na kama theluthi. Mbele yetu kulikuwa na Kitonga. Hakuna mtu mwenye akili anayeupandisha mlima Kitonga kwa gari la umeme lenye theluthi ya chaji, nyuma yake kuna foleni ya malori. Tukatafuta gesti.

Waliowahi kupita Ruaha Mbuyuni wanajua joto la pale. Mko mkoa wa Iringa, watu wa Dar wanadhani ni makoti, kumbe makoti yako juu ya mlima. Huku chini ni bondeni, mwezi Oktoba jua linapiga kama linadai deni, na kando ya barabara ni vitunguu, vitunguu, vitunguu, kwenye nyavu nyekundu, kwenye mikokoteni, kwenye mapaa ya mabasi. Mto Ruaha Mkuu unapita hapo ukitoka Mtera na kushuka Kidatu. Nikamwambia braza kwamba maji haya yamezungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, na yakifika Kidatu yatazungusha mingine ya megawati 204, kwa hiyo tunachaji gari kwa maji ya hapahapa. Braza akasema, "Wewe andika, mimi natafuta soketi."

Dada wa gesti alikuwa mwelewa. Akatuambia umeme ni wa LUKU, tutoe pesa ya uniti zetu. Braza akatoa 5,000, tukapitisha waya dirishani, gari likaanza kunywa. Tukala wali na samaki, tukalala mapema. Ndani ya chumba feni ilikuwa inazunguka, na nakumbuka mpaka leo kwamba usiku niliamka nikiwa nimelowa jasho, nikaona feni imesimama, nikasema moyoni "umeme umekatika", nikageuka upande wa pili nikalala.

Haukukatika. Uniti ziliisha. Hesabu ni rahisi kabisa na mtu anayejiita mwandishi alitakiwa kuifanya kabla ya kulala: 5,000 inakupa kama uniti 14, na gari kwenye soketi ya ukutani linavuta uniti mbili na nusu kwa saa. Saa kumi mpaka saa nne usiku ni saa sita. Kumi na tano. Tulikuwa tumekula uniti zetu zote na zile chache zilizokuwa za gesti.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu braza akabonyeza rimoti. Kimya. Akabonyeza tena. Nikabonyeza mimi, kama vile kidole changu kina nguvu zaidi. Dada wa gesti, kwa aibu, akasema uniti zimeisha usiku ila sasa hivi ananunua kwa simu. Akanunua, akaingiza tarakimu, feni ikazunguka, taa ya chaja ikawaka kijani. Gari halikushtuka. Umeme ulikuwa umefika mpaka mlangoni kwake, lakini hapakuwa na wa kufungua.

Ndani ya rimoti mna ufunguo mdogo wa chuma, braza akauchomoa akafungua mlango wa dereva kwa mkono. Dashibodi ilikuwa nyeusi. Buti linafunguka kwa umeme tu. Ikabidi nikunje siti za nyuma nitambae kama mwizi mpaka kwenye friji. Friji lilikuwa limezima. Nikapachika kipimajoto kidogo nilichokuwa nacho: nyuzi 13. Jua lilikuwa bado halijapanda vizuri, na gari la chuma ndani ya bonde lile saa nne asubuhi ni tanuri.

Nikabeba boksi la dawa kama mtoto mchanga, nikavuka barabara kwa mama mmoja mwenye friji la soda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, una nini hicho?" Nikamweleza. Akatoa soda za rafu ya kati yeye mwenyewe na akaniuliza swali ambalo daktari angeuliza: "Hii isigande, siyo?" Mume wake, kumbe, anatumia hiyohiyo. Dawa ikapata pa kukaa. Nikarudi kwenye gari nikiwa na pumzi.

Hapo sasa ndipo tulipokaribia kufanya kosa ambalo lingegharimu mara kumi ya hayo.

Pale jirani lilikuwa limeegeshwa semi la kwenda Tunduma. Tandiboi wake, kijana mchangamfu sana, alishaona boneti liko wazi, akaja na kebo mkononi. "Braza, tunawabusti fasta." Na sisi, kwa haraka yetu, tulishasogea kumpisha. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda nje ya kibanda cha mafundi, na dainamo imefunguliwa mapajani, akapaza sauti bila kusimama: "We kijana! Hilo lori ni volti ngapi?"

Volti 24. Malori makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Kumwaga volti 24 kwenye gari ambalo kila kitu chake ni kompyuta, kuanzia breki mpaka swichi ya kioo, ni kuchoma. Tandiboi hakuwa na nia mbaya, angebana tu kwenye ncha za nje kama anavyofanya siku zote kwa wenzake.

Mzee akaja. Shikamoo, marahaba. Hakuwa amewahi kugusa gari la umeme, na alilisema hilo kwanza kabisa. "Hizi nyaya za rangi ya chungwa ni za nini?" Braza akamwambia ni za ile betri kubwa, hazishikwi. "Basi hizo zenu. Mimi nipeni hii ndogo." Akaweka mita. Ikasoma sifuri na nukta. Braza akanitazama. Ni yale macho ambayo ndugu yako anakutazama nayo akiwa hataki kusema mbele za watu. Miaka kumi, uliandika.

"Imekufa," nikasema.

"Betri ya maji haifi hivi," mzee akasema. "Betri ya maji ikifa inakuonyesha nane, inakuonyesha tisa, inalia lia. Inayoonyesha sifuri imejifunga." Akaeleza kwamba amekutana nazo kwenye sola. Wakulima wa vitunguu siku hizi wana taa na redio za sola zenye betri za lithiamu, wanamletea wakidhani zimekufa. Ndani ya kila betri ya namna hii mna saketi ya ulinzi. Chembe zake nne, kila moja ya volti 3.2, zikishuka karibu na volti 10 kwa pamoja, ile saketi inakata kila kitu ili zisiharibike. Ukipima nje unapata sifuri, ndani bado kuna uhai. Ukiileta karibu na betri nyingine yenye volti sahihi, inaamka.

Kisha akaigeuza betri akasoma upande wa pili. Ule ambao sikuusoma. Mbele palikuwa na 60 kubwa, ya kuonekana ukiwa upande wa pili wa barabara. Nyuma, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, palikuwa na 256Wh. Akaomba simu yangu apige hesabu. 256 gawanya kwa 12.8. "Ishirini," akasema. "Hii ni betri ya Ah 20. Hiyo 60 wameitoa wapi?"

Nimekuja kufuatilia baadaye. Wanaitoa kwenye kulinganisha. Betri ndogo ya lithiamu inaweza kutoa umeme mwingi kwa ghafla, wa kuzungusha staata, sawa na betri ya maji iliyo kubwa mara tatu. Kwa hiyo watengenezaji wengine wanaandika "sawa na Ah 60", halafu neno "sawa na" linakuwa dogo, halafu linapotea kabisa likifika dukani. Kwa pikipiki au gari la petroli lenye kazi ya kuzungusha staata sekunde tatu, si uongo mtupu. Kwa gari la umeme ni uongo, kwa sababu gari la umeme halina staata. Lenyewe linahitaji ampea chache tu za kuamka, ila linahitaji kushikiliwa kwa muda mrefu likiwa limezimwa. Linahitaji akiba, ndiyo hiyo waliyoipunguza. Ya maji iliyotolewa ilikuwa na Ah 45 za kweli.

Mzee alipouliza kilichofungwa kwenye waya ule, tukamwambia friji na kamera. Akacheka. Umeme ulipoisha saa nne, kifaa cha kuchaji betri ndogo kikazima pamoja na chaji yote, friji likabaki linanyonya Ah 20 ndani ya joto la Mbuyuni.

Lakini friji lile lina ulinzi wake, braza akalalamika. Linajizima lenyewe betri ikishuka chini ya volti 11.8! Hapa ndipo penye uhondo wote na naomba mnivumilie nipaeleze, maana ndipo mtu anayetaka kubadilisha betri anapotakiwa kupaelewa. Betri ya maji inashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Ikijaa na kutulia ni volti 12.6 hivi, ikifika nusu iko kwenye 12 na kidogo, taa zinafifia, honi inakuwa na mafua, unapata salamu. Lithiamu ya aina hii, ya chuma na fosfati, inakaa kwenye volti 13 kasoro au zaidi karibu safari yake yote, halafu mwishoni inaanguka kama nazi. Friji linalosubiri 11.8 linapokuja kuiona, kilichobaki ni kijiko cha mwisho. Friji likazima, likiamini limefanya wajibu wake. Kile kijiko kikaliwa na kamera taratibu, na kompyuta za gari zilizokuwa zikisubiri umeme wa ukutani urudi. Kabla ya alfajiri saketi ikafunga mlango. Betri ya maji, hata iliyochoka, kwenye 11.8 ingekuwa bado na nguvu ya kuamsha gari asubuhi, maana gari la umeme haliombi kingi.

Mzee hakuleta lori. Alikwenda kwenye kibanda akarudi na betri ya N70 kuukuu, amebeba kwa kamba, akaipima mbele yetu: 12.5. Kebo nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, dakika tano za kusubiri. Braza akabonyeza kitufe. Dashibodi ikawaka, tukasikia ule mlio wa "tak" chini ya sakafu, swichi kubwa zikajifunga. Mita ya mzee ikapanda 14.1, maana sasa betri kubwa ilikuwa inailisha ndogo. Watoto waliokuwa wanatazama wakashangilia, wakasubiri muungurumo. Hakuna muungurumo. Wakaondoka wamekasirika.

Akatoza 15,000. Braza akampa 20,000 na mzee akasema chenji hana, chukueni vitunguu.

Tukakaa mpaka saa sita tukiongeza chaji (safari hii braza alinunua uniti za 10,000 na kurudisha zile tulizomla dada wa gesti), dawa ikarudi kwenye friji, na friji likachomolewa kutoka kwenye ule waya na kuchomekwa kwenye soketi ya gari. Kitonga tukaupanda bila matatizo. Kwa wanaopenda hesabu, kuinua gari la tani moja na nusu kwa mita elfu moja ni kama uniti 4 tu, na mkirudi mnateremka mnazirudisha sehemu yake. Malori yalikuwa yananguruma kwa gia ya kwanza, sisi tunasikia ndege.

Sasa, je, nasema lithiamu ni mbaya? Hapana, na nisingependa mtu achukue kisa changu akakimbie nacho. Joto ni adui wa betri ya maji. Mafundi wanakadiria kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka zinakata umri wake nusu, na watu wa Mbuyuni hawahitaji kuambiwa, wanazika betri kila mara. Lithiamu ya chuma na fosfati inavumilia kuchajiwa na kutumika mara elfu kadhaa. Hata watengenezaji wakubwa wamekwenda huko. Porsche walitangaza betri ya kuwashia ya lithiamu mwishoni mwa 2009, ikipunguza kilo kumi, ila tazama walivyofanya: mteja alipewa na ile ya kawaida pia, ya kufunga wakati wa baridi. Tesla walianza kuweka lithiamu kwenye mfumo mdogo mwaka 2021. Hyundai kwenye Ioniq yao ya haibridi waliweka na kitufe, betri ndogo ikijifunga unakibonyeza unaiamsha. Hicho kitufe ndicho alichokuwa nacho mzee wa Mbuyuni, wa kwake unabebwa kwa kamba.

Tofauti ni kwamba hao walilitengeneza gari likijua lina betri gani. Ukibadilisha mwenyewe, gari bado linafikiri lina betri ya maji. Baadhi ya magari yakiona betri imejaa yanashusha chaji mpaka volti 13 ili kuitunza ile ya maji, na kwenye volti 13 lithiamu haijai. Halafu baridi: chini ya nyuzi sifuri lithiamu haitakiwi kuchajiwa kabisa, inaharibika ndani. Mtasema Tanzania hakuna sifuri. Nendeni Kitulo, Makete, mwezi Juni alfajiri, mkanyage ile barafu kwenye majani. Nyanda za Juu Kusini zinakupa tanuri la Mbuyuni na jokofu la Kitulo katika safari moja.

Na moto? Shangazi aliniuliza hilo kwanza kabla ya yote. Ya chuma na fosfati ni tulivu kuliko zile za kwenye simu, lakini udogo wa betri si kinga. Tarehe 12 Julai 2013 ndege ya Ethiopian, Boeing 787, iliwaka moto ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, haina mtu. Januari ya mwaka huohuo ndege zote za aina hiyo zilikuwa zimezuiwa kuruka kwa sababu ya betri zake kuu, kwa hiyo kila mtu alizitazama hizo. Wachunguzi wa Uingereza wakakuta ni betri ndogo ya lithiamu ya kifaa cha dharura cha kutoa ishara, nyaya zake zilibanwa wakati wa kufunga kifuniko. Waya uliobanwa! Tangu nisome ripoti hiyo nimemkagulia braza fyuzi ya ule waya wa friji mara tatu.

Bibi tulimkuta amekaa barazani Kihesa na khanga mabegani, ubaridi wa jioni umeanza. Alipokea dawa, akaiweka kwenye friji yeye mwenyewe, akasikiliza kisa chote mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo gari la umeme lilikosa umeme, na umeme ulikuwemo ndani?" Tukasema ndiyo bibi. Akaenda kumenya vitunguu.

Kuhusu dawa: usiku huohuo nilimpigia mfamasia, nikamweleza nyuzi 13 na saa chache, akasema haina shida, ni joto la juu zaidi ndilo la kuogopa. Nilimuuliza mara mbili na nikaandika alichosema neno kwa neno.

Braza ameirudisha betri ya maji. Friji sasa lina betri yake yenyewe ya lithiamu, Ah 50 za kweli, Wh 640 zimeandikwa mbele, tulizisoma pamoja dukani huku muuzaji anatutazama kama maafisa wa mapato. Haijaunganishwa na betri ya gari.

Na ile makala yangu ya 2024 nimeirekebisha. Sikufuta kitu. Nimepiga mstari juu ya 60, pembeni nimeandika 20, na chini nimeeleza jinsi ya kugawanya Wh kwa 12.8. Nilimpelekea muuzaji kabla ya kuibandika ili naye aseme lake. Mpaka leo hajajibu, ingawa nimepita dukani juzi nikaona betri zilezile, 60 ikiwa imetazama mlangoni.